Seven Pounds usiiangalie kwenye basi
Jamani kama hujaiona Seven Pounds ya Will Smith, ile muvi ya 2008, usije ukaianza kwenye basi kama mimi, nimeshuka Morogoro macho mekundu mpaka konda ananiuliza dada vipi, kuna msiba? Iangalie usiku umetulia na simu iweke mbali, maana mwanzoni inachanganya kweli, mambo yanarukaruka na jamaa humwelewi kabisa anawafuatilia wale watu wa nini, we vumilia tu usipeleke mbele, na stori yake usiisome kabla. Ila kama umefiwa na mtu aliyejiua achana nayo kwanza, inaanza na habari hizo hizo. Halafu kaa na khanga, tishu hazitoshi.