Kuotesha Quercus ilex, mwaloni usiopukutisha majani

Mbegu zangu za kwanza za mwaloni huu nilizianika dirishani wiki tatu, nikiamini nazihifadhi. Haikuota hata moja. Hizi si mahindi wala maharage: zikikauka zimekufa, na kuziloweka baadaye hakuzifufui. Ukiziokota, zipande siku hiyohiyo, au zifukie kwenye mchanga wenye unyevunyevu uziweke penye baridi.

Lakini hakikisha umeokota chini ya mti wenyewe. Kwao ni nchi zinazozunguka Mediterania: Uhispania, kusini mwa Ufaransa, Italia, Morocco. Ilex ndilo jina Warumi waliloupa mti huu, na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, akalishika mwaka 1753. Chuma jani uligeuze. Juu ni la kijani kilichokolea, gumu, linang'aa. Chini lina weupe wa kijivu, maana limefunikwa vinyweleo vilivyoshikana kama sufi. Ukikwangua taratibu kwa ukucha vinatoka, na kijani hafifu kinajitokeza. Vinyweleo hivyo huusaidia mti usipoteze maji wakati wa kiangazi kirefu cha huko. Majani ya matawi ya chini na ya miche huwa na miiba pembeni, ya juu mara nyingi hayana. Usidhani umeona miti miwili.

Anayechanganya watu ni nduguye, Quercus suber, ambaye majani yake pia yana weupe kwa chini. Hapo angalia gome. La suber ni nene na lina ulaini fulani ukilibonyeza, ndilo linalotoa vizibo vya chupa. La ilex ni jembamba, jeusijeusi, limepasuka vipande vidogo vya mraba.

Mbegu hukomaa vuli ya mwaka uleule mti ulipochanua. Chagua nzito, za kahawia, zinazochomoka kwenye kikombe chake bila kulazimishwa. Yenye tundu dogo la mviringo itupe: funza ameshakula na kutoka. Zilizobaki zitie majini, zinazoelea ziache.

Sasa chombo, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mzizi mkuu hutoka kwanza, kwenye ncha iliyochongoka, na hushuka kwa kasi kabla juu hujaona chochote. Tumia chombo chenye kina cha sentimita 30 au zaidi, chenye matundu chini. Laza mbegu ubavu, ifunike udongo wa sentimita 2 au 3, kisha weka wavu, panya wanazipenda mno. Udongo uwe na unyevu, usituamishe maji.

Usifukue kuchungulia, tafadhali. Mbegu haiinuki juu kama ya haragwe. Hubaki chini ikiulisha mche, na chipukizi huenda lisionekane hadi majira ya kuchipua. Litatoka likiwa na vinyweleo vyeupe, laini ukiligusa, na majani yatakayofuata yatakuwa na miiba.