Mbwa Anapokwaruza Mkanda wa Shingoni: Pa Kuanzia Kutafuta Sababu

Mbwa anakaa kitako, anainua mguu wa nyuma, kucha zinaanza kugonga chuma cha mkanda. Anaacha, anajinyoosha, na baada ya muda mfupi anarudia. Mwenye nyumba akiona hivyo hufanya moja kati ya mawili: anakaza mkanda tundu moja zaidi ili usicheze, au anachukua kopo la dawa ya mbu na kumpulizia shingoni. La kwanza linamwongezea maumivu. La pili linaweza kumtia sumu, maana kinachomdondokea mwilini atakilamba.

Mbwa ninaowahudumia hapa Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ni wa ulinzi. Wanashinda bandani au kwenye mnyororo mchana kutwa, wanafunguliwa jioni, na mkanda hautoki shingoni mwaka mzima. Weka hapo joto la pwani, mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, vumbi na maji ya kuogeshwa yasiyokauka vizuri, utaelewa ngozi iliyo chini ya mkanda inaishi maisha gani. Mara nyingi mbwa anakuna kilicho chini ya mkanda, au kilicho jirani nao, na mkanda unapokea kucha kwa kuwa uko njiani. Kwa hiyo tutauvua kwanza, tutautafuta ugonjwa, halafu mkanda utarudi ukiwa na masharti.

Tayarisha glovu, kitana chenye meno ya kubana, tishu nyeupe, kikombe cha maji, kibano, na vipande vya maini ya kuchemsha au dagaa wa kumtuliza. Fanya kazi hii mchana, kwenye mwanga wa jua. Anayemshika awe yule anayemlisha. Nyumba nyingi za pwani mwenye mbwa hamgusi kwa sababu ya usafi wa ibada, na anayemhudumia ni mlinzi au kijana wa kazi. Hakuna ubaya. Kaa karibu, mwoneshe cha kuangalia, na umnunulie hizo glovu yeye.

Hatua ya kwanza: mtazame kabla ya kumgusa

Siku mbili zinatosha. Anakuna saa ngapi? Anakuna akiwa kwenye mnyororo tu, au hata akifunguliwa? Upande mmoja au pande zote? Anatikisa kichwa? Anakuna na sehemu nyingine, kiunoni, viwikoni, tumboni? Andika au umwambie mlinzi wa usiku aangalie, kwa sababu yeye ndiye anayemwona akiwa huru.

Kuna mbwa anayekaa chini na kujikuna pale tu anapofungwa kamba ya kutembezwa, au anapoitwa kwa ukali, na saa nyingine zote hana habari na shingo yake. Huyo huenda hawashwi kabisa. Mbwa akiwa na wasiwasi, au akivutwa huku na kule asijue anatakiwa nini, hujikuna kama namna ya kupumua. Ngozi yake utaikuta safi. Hata hivyo ikague, usimhukumu kwa kumtazama tu.

Hatua ya pili: vua mkanda

Funga geti kwanza. Mpe kipande cha maini, fungua taratibu, na uone kama mkanda unazunguka shingoni bila kukwama.

Ukikwama, simama hapo. Mbwa mdogo aliyefungwa kamba ya manila au waya akiwa na miezi mitatu, asilegezewe na mtu yeyote, hukua shingo ikaizidi ile kamba, na kamba huzama ndani ya nyama. Harufu ya usaha itakuambia kabla ya macho. Usiichomoe kwa nguvu wala kuikata kwa kisu ukiwa nyumbani. Hapo anahitaji daktari wa mifugo, dawa ya usingizi na kusafishwa kidonda. Ni hali inayoniuma kuliko zote, kwa sababu kidole kimoja kupitishwa chini ya kamba kila wiki kingeizuia.

Mbwa akinguruma au akikaza mwili, acha. Ikitokea amekuuma, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wako. Na mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetoka mate na kushindwa kumeza, usimkague kabisa. Mfungie mahali peke yake na umwite daktari wa mifugo. Kichaa cha mbwa kipo nchini na hakina tiba dalili zikishaanza.

Hatua ya tatu: isome ngozi

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Gawa manyoya kwa vidole kuizunguka shingo yote, ukianzia chini ya kidevu, ambapo watu husahau.

Anza na viroboto. Pitisha kitana hadi kwenye ngozi, ukung'utie juu ya tishu iliyoloweshwa maji. Ukiona chembe nyeusi mithili ya pilipili manga iliyosagwa, subiri kidogo. Zikitoa rangi ya kahawia nyekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu ya mbwa iliyosagwa tumboni mwao. Usisubiri kumwona kiroboto mwenyewe. Viroboto hupenda kiuno na shina la mkia, lakini shingoni wana usalama zaidi: mbwa anaweza kujing'ata kiuno, shingo yake haiwezi kufikiwa na meno wala ulimi. Ana kucha tu.

Kwa sababu hiyohiyo kupe hujazana shingoni na masikioni. Mtoe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja bila kupindisha. Mafuta ya taa na njiti ya kiberiti weka mbali, kwani vinaunguza ngozi na kumfanya kupe atapike ndani ya mbwa. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza erlikiosisi, ugonjwa wa damu. Fizi zikiwa nyeupe, pua ikitoka damu, au mbwa akikataa chakula, muwasho umeshakuwa jambo dogo, mpeleke apimwe damu.

Upele una ramani yake. Angalia kingo za masikio, viwiko na visigino: kama pana magamba na manyoya yamenyonyoka, sugua ukingo wa sikio kati ya vidole viwili. Mguu wa nyuma ukianza kujikuna wenyewe, shuku utitiri wa upele. Uliza pia kama kuna mtu nyumbani anayewashwa mikononi au kiunoni, kwa kuwa utitiri huu hupita kwa binadamu kwa muda. Daktari atakwangua ngozi kidogo na kuiangalia kwa hadubini.

Mbwa wenye manyoya mazito, German Shepherd hasa, hupata kidonda cha majimaji chini ya mkanda baada ya mvua au kuogeshwa. Asubuhi hakuna kitu, jioni unakuta duara jekundu lililolowa, manyoya yamegandamana, na ukipagusa anaruka. Ikiwa badala yake ngozi ni nene, nyeusi, ya mafuta na yenye harufu ya uchachu, ni fangasi wa hamira wanaostawi kwenye unyevu.

Na ukikuta jipu lenye tundu katikati linalochezacheza, ni funza wa nzi, ambaye mayai yake hutagwa kwenye mchanga au matandiko yenye mkojo. Paka vazelini kwenye tundu ili akose hewa, kisha mbinye taratibu kutoka pembeni. Asipasukie ndani.

Hatua ya nne: usiyaruke masikio

Mbwa mwenye sikio linalouma hujikuna nyuma ya taya, na mguu wake unatua penye mkanda. Kwa macho huwezi kutofautisha. Inua sikio, nusa. Harufu mbaya, uchafu mweusi, ute, au mbwa kulia ukibonyeza shina la sikio, basi tatizo liko huko. Usiingize kijiti cha pamba wala kumiminia mafuta ya nazi. Kama ngoma ya sikio imetoboka, unachomimina kinapita hadi ndani. Aangaliwe kwa kifaa kabla ya dawa yoyote.

Wenye mbwa wadogo wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel wajue jambo moja. Aina hii huzaliwa na fuvu lisilotosha ubongo, na wengine hupata mifuko ya maji ndani ya uti wa mgongo. Mbwa wa namna hiyo hukuna hewa karibu na shingo bila kuigusa, hasa akivalishwa mkanda. Huyo avishwe mkanda wa kifuani na apelekwe kwa daktari. Sabuni haitamsaidia.

Hatua ya tano: sasa ukague mkanda

Pitisha kidole upande wa ndani. Nailoni iliyochanika kingo hukata. Mkanda wa ngozi uliolowa na kukaukia juani hukakamaa. Kamba ya katani huchoma ngozi laini ya mbwa mchanga. Chuma cha kufungia chenye nikeli kinaweza kuleta mzio: wekundu unakuwa umekaa pale chuma kilipogusa, si mzunguko mzima, na hiyo alama ni msaada mkubwa kwa anayetafuta sababu.

Halafu uzito. Mnyororo mnene na kufuli juu yake, kwenye shingo ya mbwa wa kilo 18, ni mzigo unaosugua kila anapogeuza kichwa. Mnyororo usiwe mkanda. Mvike mkanda mpana laini, na mnyororo mwepesi uungwe hapo kwa pete inayozunguka.

Mikanda yenye dawa ya viroboto ni nzuri kwa mbwa wengi, lakini wachache ngozi huwageuka. Muwasho ukianza siku chache baada ya kuuvaa, vua, osha shingo kwa sabuni laini na maji mengi, na usiurudishe. Ununue uliofungwa kwenye pakiti yake, wenye maandishi yanayosomeka kuhusu umri na uzito wa mbwa.

Hatua ya sita: tibu kulingana na ulichokiona

Kidonda cha majimaji: punguza manyoya kukizunguka, kisafishe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, mara mbili kwa siku, kisha kikaushe kwa kugusagusa. Mkanda usirudi mpaka pakauke kabisa. Spiriti inaunguza, iache. Kikipanuka baada ya siku moja, au kikitoa usaha, atahitaji dawa ya kuandikiwa.

Viroboto: viroboto wakubwa unaowaona kwa mbwa ni sehemu ndogo tu. Jike hutaga mayai hadi 40 au 50 kwa siku, nayo hudondoka chini. Kwenye joto letu, yai laweza kuwa kiroboto kamili ndani ya wiki tatu hivi, na aliye kwenye kifukofuko huweza kungoja miezi. Kwa hiyo siku unayompa mbwa dawa, siku hiyohiyo ondoa matandiko, yafue kwa maji ya moto, fagia banda hadi kwenye nyufa, choma takataka. Rudia dawa kwa tarehe ya daktari, na wape mbwa wote wa uani kwa pamoja, na paka pia, ila kwa dawa yake. Dawa ya mbwa yenye pemethrini huua paka.

Upele: naomba sana, oili chafu ya gari isimguse mbwa. Najua inatumika mtaani na najua kuna atakayekuambia ilimsaidia. Ina mabaki ya metali na sumu, inapita kwenye ngozi, na mbwa huimeza anapojilamba. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo haikisiwi kwa kifuniko cha chupa. Amitrazi, kemikali iliyomo kwenye baadhi ya dawa hizo, ikizidi, mbwa huzubaa, hupepesuka na mapigo ya moyo hupungua. Muulize daktari kipimo, mpe umri na uzito wa mbwa.

Hatua ya saba: rudisha mkanda

Fua mkanda kwa sabuni, suuza, uanike hadi ukauke. Uvalishe, kisha pitisha vidole viwili kati yake na shingo. Vikiingia bila kulazimisha na mkanda hautoki kwa kuvutwa kupita masikioni, hapo pametosha. Mbwa mchanga apimwe hivyo kila wiki, siku ileile, mpaka aache kukua.

Mtoto wa mbwa anayevaa kwa mara ya kwanza atajikuna hata kama hana ugonjwa, kwa kuwa hajawahi kubeba kitu shingoni. Mvalishe mwepesi dakika chache kabla ya chakula, ale akiwa nao, mvue akiwa ametulia. Kesho ongeza muda. Baada ya siku kadhaa hatautazama. Kamba ifuate baadaye, ikiburuzwa tu uani ukiwa unamwangalia. Na yule wa hatua ya kwanza, anayejikuna akivutwa, legeza kamba, simama, mwite kwa sauti ya chini na umpe kitu anapokuja. Fupisha matembezi kwa wiki moja.

Mbwa anayefunguliwa jioni ndani ya uzio usio na upenyo hana haja ya mkanda usiku. Mvue. Ngozi inapata hewa, na mkanda hautanasa kwenye nondo za geti wakati hakuna aliye macho. Autundike mlinzi mlangoni mwa banda, na asubuhi kabla ya kumvalisha apitishe vidole shingoni, pande zote, pamoja na pale chini ya kidevu.