Kumchora farasi wako mkononi usije ukajuta

Shemeji, farasi niliyekuwa nikimtunza, alikufa alfajiri, mwezi wa tatu, kwa msokoto wa tumbo. Farasi wa ufuoni akilishwa chini hula mchanga pamoja na nyasi, na mchanga ukijaa matumboni hautoki kirahisi. Tulimtembeza usiku kucha tukimngoja daktari wa mifugo. Nilikuwa saisi wake miaka 11, tukipandisha watoto na watalii ufuoni Nyali. Wiki ileile nikaenda kuchora tatuu. Usifanye hivyo. Ngoja machozi yakauke.

Mchoraji wa kwanza nilimwambia nataka farasi, basi. Akafungua simu akanionyesha farasi wa Marekani, singa zinapepea, nyuma yake milima na jua linazama. Shemeji hakuwahi kuona mlima maisha yake yote. Nikamwambia narudi, nikaenda zangu.

Kwa hiyo anza na hili: kuhusu mnyama wako, ni kitu gani unachokijua wewe na wengine hawakijui? Farasi ana mahali usoni ambapo manyoya huzunguka, kama maji yanavyozunguka yakiingia shimoni. Kila farasi na yake, ndiyo maana huandikwa kwenye pasipoti za farasi ili wasichanganywe. Ya Shemeji ilikuwa juu kidogo ya jicho la kushoto. Kila jioni nikishamvua lijamu nilikuwa naikuna kwa dole gumba, naye anashusha kichwa mpaka kifuani kwangu. Nikachora hiyo. Watu wakiiona hudhani ni kimbunga, nami huwaacha wadhani.

Jina sikuliandika. Hebu fikiria kwenye matatu, mwanamume mzima ameandikwa SHEMEJI mkononi.

Nilitaka pia kitu cha kwetu. Mimi ni Mgiriama, na wazo la kwanza lilikuwa kigango, ile nguzo ya mbao ya kumkumbuka marehemu, yenye pembetatu zilizochongwa zikipangana. Nashukuru nilimuuliza mjomba kwanza. "Mpwa wangu," akaniambia, "kigango husimamishwa kwa mzee wa Gohu, chama cha wazee wetu, aliyefariki, koma yake, yaani roho yake, ikae pale. Wewe hujafa, na Gohu hujaingia." Vigango vimeibwa sana huku kwetu vikauzwa ng'ambo, mwaka 2023 jumba la makumbusho la Illinois, Marekani, lilirudisha 37. Sikutaka kuwa mwizi wa aina nyingine. Nawe ukitaka alama ya ukoo au ya dini, muulize mzee wa kwenu kabla ya kumuuliza mchoraji.

Jibu lilikuwa zizini. Nyanya alikuwa msusi wa ukili, ule mkanda wa majani ya mkindu, na kikapu alichokuwa akilia Shemeji pumba alikisuka yeye, miyaa myeupe na ya zambarau ikipishana. Kilikuwa kimetafunwa ukingo mmoja. Nilikipeleka chenyewe kwa mchoraji wa pili, akaweka ukili ukizunguka yale manyoya, na pale palipotafunwa akapaacha wazi.

Kabla ya sindano, jaribu kwa hina. Nilienda kwa mama mmoja Mji wa Kale akanichorea mchoro mzima, nikakaa nao mpaka ukafifia. Ufuoni wenzangu waliniuliza harusi yangu ni lini na bwana ni nani, lakini ndipo nilipojua kwamba karibu na kifundo cha mkono panasuguliwa na hatamu. Nikaupandisha chini ya kiwiko. Marafiki zangu Waislamu ambao hawachori tatuu za kudumu huishia hapo kwenye hina, na inapendeza. Ila piko, ile hina nyeusi, jihadhari nayo: mara nyingi ni rangi ya nywele tu, na kuna watu huwachoma ngozi mpaka malengelenge na kovu.

Halafu angalia makovu uliyo nayo. Wengi wetu tuliozaliwa Kenya tuna alama ya chanjo ya kifua kikuu kwenye mkono wa kushoto. Kama yako, au ya kidonda chochote, imevimba ikaenea kupita jeraha lenyewe, basi tatuu nayo huenda ikavimba hivyohivyo, na ni heri umwone daktari wa ngozi kwanza. Ngozi yako ikiwa nyeusi kama yangu, taka mistari minene yenye nafasi kati yake, kwa sababu wino hutanuka kadiri miaka inavyokwenda. Mchoraji aliniuliza kama nataka rangi. Nikamjibu Shemeji alikuwa hudhurungi, nami pia, atie wino mweusi tu.

Siku yenyewe kodoa macho. Sindano ifunguliwe mbele yako, glavu mpya, wembe mpya, na wino umiminwe kwenye kikombe kidogo kitakachotupwa ukiondoka. Homa ya ini na virusi vya Ukimwi hupitia hapohapo. Asiyetaka utazame, muage. Kisha hubandikwa karatasi ya kunakili inayoacha mchoro kwenye ngozi. Simama, nyoosha mkono, uutazame vizuri. Mimi niliweka dole gumba pale katikati nikalizungusha kama nilivyozoea, likaenda kinyume. Picha niliyompa nilijipiga mimi na Shemeji kwa kamera ya mbele, na simu ilikuwa imeigeuza. Mchoro ulifutwa kwa spiriti ukabandikwa upya. Baada ya sindano usingefutika.

Nenda msimu wa masika, Aprili au Mei, wageni wamepungua na jua si kali. Kaskazi, ufuo ukiwa umejaa, hutapata hata siku mbili za kukaa kivulini, na kidonda kipya hakitaki jua, wala bahari, mpaka kipone kabisa. Kioshe kwa sabuni isiyo na manukato. Maji ya kisima chetu ni ya chumvi, kwa hiyo nilichemsha ya mtungi wa kununua nikayaacha yapoe. Mafuta paka kidogo sana; kwa joto la Mombasa ukipaka mengi ngozi inalowa. Magamba yatawasha, usiyakwangue.

Na kwa sisi wa zizini: samadi ya farasi hubeba vijidudu vya pepopunda. Jina linamsingizia punda, lakini farasi naye yumo. Kama hujachanjwa katika miaka 10 iliyopita, chanjwa kabla. Mimi nilimlipa kijana afagie zizi wiki tatu. Niliporudi, farasi mpya alinusa mkono akaanza kuulamba kwa ajili ya chumvi ya jasho. Nikamsukuma pua. Palikuwa bado na gamba moja.