Kulala Katika Nyumba Kongwe ya Bandarini Bagamoyo: Mwongozo kwa Mgeni

Mgeni anayekwenda Bagamoyo kwa siku mbili tatu anaweza kuchukua chumba katika hoteli mpya za ufukweni, zenye bustani na uzio, au anaweza kulala ndani ya Mji Mkongwe, katika nyumba ya mawe iliyo jirani na forodha ya zamani na soko la samaki. Mwongozo huu unahusu njia ya pili. Nyumba ya namna hiyo haichaguliwi kwa ukubwa wa kitanda wala kwa picha za mtandaoni. Huchaguliwa kwa kuangalia upepo, maji ya bahari na ukuta, kwa kuwa hivyo vitatu ndivyo vitakavyoamua kama utalala au utakesha.

Anza na majira. Kuanzia Juni hadi Septemba unavuma upepo wa kusi, hewa ni ya baridi kiasi na mvua ni chache, kwa hiyo hata chumba kisicho na kiyoyozi hulalika vizuri. Desemba hadi Machi ni zamani za kaskazi, ambapo joto ni kali lakini upepo hutoka baharini, na anayepata dirisha linaloelekea bahari huwa amepata nafuu kubwa kuliko ya feni. Kipindi cha kuogopa ni maleleji, pale upepo mmoja unapokwisha na mwingine haujashika, maana nyumba ya mawe iliyochomwa na jua mchana kutwa hutoa joto lake usiku. Masika, yaani Machi hadi Mei, yana bei nafuu na vyumba vitupu, ila uwe tayari kwa kelele za mvua juu ya bati na unyevu unaopanda ukutani. Angalia pia kalenda ya Tamasha la Sanaa na Utamaduni linaloandaliwa na TaSUBa, taasisi iliyotokana na Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981. Juma la tamasha vyumba hujaa, na anayefika bila kuweka nafasi hurudi Dar es Salaam usiku.

Ukishachagua mwezi, chagua siku kwa kufuata mwezi wa angani. Jambo hili wageni wengi wa kutoka bara hawalijui, kisha hulalamika kwamba waliahidiwa bahari wakakuta tope. Ufuko wa Bagamoyo una mteremko mdogo sana, na maji yanapokupwa hukimbia mbali hata ngalawa zikabaki zimelala ubavu juu ya mchanga. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo huzidi mita 3, na katika mwambao wetu maji ya siku hizo hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, hata yakifika maji mafu, baada ya juma moja, mambo yamegeuka: maji hujaa asubuhi saa nne na kupwa alasiri, na tofauti yake huwa ndogo. Basi anayetaka kuogelea jioni aende siku za bamvua, na anayetaka kuogelea asubuhi aende siku za maji mafu. Anayetaka kuona kazi ya bandari aende wakati wowote, ila aamke mapema. Kina hicho kifupi, kwa njia, ni miongoni mwa sababu zilizowafanya Wajerumani kuhamishia makao makuu ya koloni lao Dar es Salaam mwaka 1891, kwa kuwa meli kubwa hazikuweza kukaribia pwani ya Bagamoyo.

Sasa nyumba yenyewe. Si kila jengo lenye mlango wa nakshi ni kongwe, kwani mlango hununuliwa na kupachikwa popote. Nenda dirishani uweke mkono wako juu ya kizingiti cha chini, kiwiko upande wa ndani na vidole upande wa nje. Ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa hufika dhiraa nzima, na mara nyingi huzidi, ilhali ukuta wa matofali ya saruji hukomea katikati ya mkono. Kisha tazama juu. Kama dari imebebwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, chumba kitakuwa chembamba na kirefu, kwa sababu boriti hazivuki nafasi pana kuliko takriban mita 3. Wembamba huo si ubahili wa mwenye nyumba. Fanicha ya kisasa haikai vizuri humo, na familia yenye watoto watatu ichukue vyumba viwili badala ya kuomba magodoro ya ziada.

Juu au chini? Mimi huchagua ghorofani bila kusita. Chumba cha chini kina ubaridi mzuri mchana, lakini kipo usawa wa baraza, na baraza za Mji Mkongwe hazinyamazi hadi usiku wa manane. Isitoshe, chumvi na unyevu hupanda kutoka ardhini, na harufu yake huingia hata kwenye nguo zilizo ndani ya begi. Ghorofani kuna upepo na mandhari, ila kagua ngazi, ambazo huwa za wima na zenye vidato visivyolingana, na kagua urefu wa ukingo wa roshani na madirisha. Desemba 1889, Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyekuwa gavana kusini mwa Sudan na ambaye macho yake yalikuwa dhaifu, usiku wa karamu ya kumpokea yeye na mvumbuzi Stanley waliofika kutoka bara, alianguka kutoka ghorofani hapahapa Bagamoyo akapasuka fuvu. Akapona, lakini baada ya majuma mengi ya kuuguzwa. Mwenye mtoto mdogo au mzazi mzee asione haya kuomba chumba cha chini, hasa cha upande wa uani.

Unapopiga simu kuweka nafasi, uliza maswali yanayojibika. Usiulize kama chumba ni kizuri. Uliza dirisha linaelekea wapi, kama choo na bafu vimo ndani, kama chandarua kinazunguka kitanda chote na hakina matundu, kama kuna jenereta au betri umeme ukikatika, na kama maji ya bomba ni ya chumvi, maana yakiwa ya chumvi sabuni haitoi povu na utahitaji ndoo ya maji baridi ya kujisuuzia. Katika nyumba nyingi za zamani mabomba yaliingizwa baadaye na maji hushuka kutoka kwenye tangi, kwa hiyo wageni wakioga kwa pamoja saa moja asubuhi wa mwisho hupata matone. Uliza pia kama pombe inaruhusiwa. Nyumba kadhaa ni mali za familia za Kiislamu na haziiruhusu, na ni bora kulijua hilo mapema kuliko kubishana mapokezi na chupa mkononi. Ukiombwa kianzio, tuma sehemu tu, hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la nyumba au la mtu uliyetajiwa, na utunze ujumbe wa malipo.

Kufika si kazi. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 70, na magari ya abiria huanzia kituo cha Makumbusho na kupita Tegeta, Bunju na Mapinga. Kutoka stendi ya Bagamoyo, bajaji itakupeleka hadi mlangoni. Jitahidi kufika kabla ya magharibi, ili uione nyumba kwa mwanga wa jua na ukatae chumba usichokitaka kabla hujaandika jina kwenye kitabu cha wageni. Beba kitambulisho, tochi, kandambili, dawa ya mbu ya kupaka na fedha taslimu za noti ndogo.

Ndani ya nyumba, ukuta wa chokaa una adabu yake. Usipigilie msumari, usiegemeze kiti, wala usitundike taulo mbichi juu yake. Chokaa hupumua: hunyonya unyevu na kuutoa, na ndiyo maana hupukutika unga mweupe unaoshika kwenye nguo nyeusi. Fundi anayepaka saruji juu yake kwa nia ya kuuimarisha huufungia unyevu ndani, na baada ya misimu michache plasta yote hudondoka pamoja na vipande vya matumbawe. Ukiona chumba chenye mabaka ya saruji yaliyotoa mapovu, omba kingine. Dawa ya mbu ya kuchoma iwekwe juu ya sahani, mbali na chandarua na mbali na mlango wa mbao. Madirisha yaache wazi jioni hadi upepo uingie, lakini shusha chandarua kabla ya kuwasha taa.

Utaamshwa na adhana ya alfajiri, na baada yake zitafuata injini za mashua. Amka kabisa. Nenda sokoni wakati vyombo vinaingia, utaona wachukuzi wakitembea majini hadi kifuani, vikapu vya samaki kichwani, kwa sababu hapa hakuna gati ambalo chombo kinaweza kuegeshwa maji yakiwa machache. Samaki humwagwa mchangani, mnadi huita bei, na fungu huondoka kabla mgeni hajaelewa nani kanunua. Usijitie kwenye mnada. Simama nyuma ya wachuuzi, kisha zungumza na mmoja wao: “Shikamoo mama, nahitaji changu wawili wa leo.” Atakupa bei yenye faida yake, nayo ni haki yake. Tazama mashavu ya samaki yawe mekundu na macho yawe yametuna. Kabla ya kununua, hata hivyo, uwe umekubaliana na mpishi wa nyumba uliyofikia kwamba atakupikia na kwa malipo gani, kwani si kila jiko la hoteli hupokea samaki wa mgeni. Asiyetaka usumbufu huo ale pale pale kwa wakaanga samaki. Picha zipigwe kwa ruhusa, na wavuvi wakikataa, basi.

Matembezi mengine yanajulikana na sitayarefusha. Ngome Kongwe na Boma ya Wajerumani ya mwaka 1897 zinafikika kwa miguu. Misheni ya Katoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako mwili wa Livingstone uliokuja na watumishi wake, akina Chuma na Susi, ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja, haiko mbali. Magofu ya Kaole yapo kilomita 5 hivi kusini, na ni bora kwenda kwa bajaji au pamoja na kiongozi mwenye kitambulisho kuliko kukata ufukweni peke yako na begi mgongoni. Akitokea mtu wa kukuahidi kukuvusha Unguja kwa jahazi la mizigo, mshukuru na ukatae. Boti za abiria zipo Dar es Salaam.

Katika mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya Mji Mkongwe hufungwa mchana, kwa hiyo mwambie mpishi usiku kama utahitaji chakula cha mchana, ule chumbani au uani. Futari ikiandaliwa nyumbani hapo usiikose: mihogo ya nazi, tambi na uji wa pilipili manga huliwa kwa pamoja, na mgeni asiyefunga hukaribishwa vilevile. Mwaka mzima, nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Ukirudi mitaani jifunge kanga au kikoi.

Siku ya kuondoka, chumba hutakiwa mapema kuliko mgeni anavyopenda, lakini mapokezi watakutunzia mzigo ukiwaomba. Dai risiti, kagua chini ya chandarua na nyuma ya mlango, na rudisha ufunguo mkononi mwa mhusika, usiuache kitasani. Ikiwa ni Jumapili, panda gari kabla ya saa nane mchana. Kuanzia alasiri foleni ya Bunju hadi Tegeta hurefuka, na mwenye nafasi ya kulala hadi Jumatatu alfajiri atafika Dar es Salaam akiwa amechoka kidogo kuliko aliyeng’ang’ania kuondoka Jumapili jioni.