Acha folda yenyewe iwashe mazingira ya Python

Kama una projekti kadhaa za Python kwenye mashine moja unaijua hii kero, kila ukiingia folda uandike source .venv/bin/activate kuwasha mazingira yake (yaani Python na maktaba za projekti hiyo peke yake), ukihamia nyingine deactivate kwanza, na siku ukisahau pip inaenda kumwaga maktaba kwenye projekti isiyohusika kabisa. Kazi hiyo iachie direnv, programu ndogo inayowasha mazingira ukiingia folda na kuyazima ukitoka.

Ubuntu ni sudo apt install direnv, Mac yenye Homebrew ni brew install direnv. Halafu fungua ~/.bashrc (faili la mipangilio ya bash), mwishoni kabisa ongeza:

eval "$(direnv hook bash)"

Wa zsh andika zsh badala ya bash, na mstari unakaa kwenye ~/.zshrc. Uwe chini ya vitu vingine vyote vinavyogusa promti, la sivyo vinaweza kuufuta. Funga terminali, fungua upya, ingia kwenye projekti, andika .envrc (faili la maagizo ambalo direnv inalisoma) kisha uliruhusu:

echo 'layout python3' > .envrc
direnv allow

Basi, mazingira yanatengenezwa ndani ya .direnv, ukiingia yanawaka ukitoka yanazima, na ukizama kwenye folda za ndani bado yapo. Ubuntu ikilalamika kuhusu venv weka python3-venv. Kama tayari una .venv yako na hutaki kuanza upya, .envrc iwe hivi:

export VIRTUAL_ENV="$PWD/.venv"
PATH_add "$VIRTUAL_ENV/bin"

Usishtuke promti isipoonyesha (.venv) kama ulivyozoea, direnv inabeba vigezo vya mazingira tu, PS1 (maandishi ya promti) na alias (majina ya mkato ya amri) haibebi. Andika which python, ukiona njia ya ndani ya projekti uko sawa.

Sasa hapa kwenye direnv allow tafadhali tuelewane. .envrc ni skripti ya bash, inaendeshwa kwenye mashine yako kwa ruhusa zako wewe, kwa hiyo ukiklone projekti ya mtu usiruhusu kabla hujafanya cat .envrc ukasoma mpaka mwisho. Ndio maana faili likibadilika hata herufi moja direnv inagoma mpaka uruhusu tena, na huo mgomo ni wa kukulinda, wengi wanaona usumbufu wanaruhusu tu bila kuangalia. Ukiwa na pasiwedi au funguo za API humo ndani, .envrc iingie kwenye .gitignore (orodha ya vitu ambavyo git inaviacha) pamoja na .direnv. Na kama ulisharuhusu kitu halafu ukakitilia shaka, direnv deny inakifunga hapohapo.