Kuamsha kamera ya kale ya mbao: usikimbilie vanishi, angalia kioo

Tangu nimsaidie kijana mmoja wa mtaa wa Langoni na kamera ya marehemu babu yake, watu wa Amu (Lamu) wananiuliza nilifanyaje. Nazungumzia zile za Kiingereza za kukunja: mahogani, shaba na mivukuto ya ngozi (ile sehemu ya mikunjo kati ya lenzi na mgongo wa kamera), za kupokea bamba, yaani kioo cha kupigia picha badala ya filamu, la inchi 4¾ kwa 6½.

1. Skrubu. Tumia bisibisi bapa inayojaa mfereji. Iliyopotea, rudishia ya shaba. Ya chuma kwa hewa yetu ya chumvi itashika kutu, ivimbe, ipasue ubao.

2. Mbao. Brashi laini, kisha nta ya nyuki kidogo. Msasa weka mbali. Reli ikikwama wakati wa mvua, usishike randa: utakachokiondoa masika utakitafuta kaskazi.

3. Mivukuto. Usiku, zima taa, ziba tundu la lenzi, tia tochi ndani. Mwanga utavuja kwenye pembe za mikunjo. Bandika kitambaa cheusi chembamba kwa gundi ya mpira, kwa ndani, na usikunje mpaka ikauke kabisa.

4. Kioo cha ukungu, kile cha nyuma unachotazamia taswira ukiweka fokasi. Hapa ndipo watu hukwama. Kikivunjika, kata kioo cha dirisha cha milimita 2, kisage kwa kipande kingine cha kioo, maji na unga wa kaborandamu, namba 400 kisha 600. Mimi sinunui kilichokwisha kusagwa.

Upande wenye ukungu lazima utazame lenzi. Ukikigeuza, taswira utaiona kali kiooni, lakini picha itatoka bila ukali, maana uso wa ukungu umesogea nyuma kwa unene mzima wa kioo. Uso huo unatakiwa ukae pale pale litakapokaa bamba.

Basi pima. Kwa vania (kipimo cha taya cha kupimia vitu vidogo), chukua kina kutoka uso wa fremu hadi kwenye ukungu, kwenye pembe zote nne, kwani fremu kuukuu hupinda. Kisha pima kishikio, yaani kisanduku kinachobeba bamba, hivyo hivyo, kikiwa na bamba bovu ndani, kitupu kitakudanganya. Kama unatumia filamu, pima na filamu kwenye ala yake, kwa kuwa yenyewe ni nyembamba kuliko bamba la kioo. Na usipime kishikio kimoja ukaamini ndugu zake: vya zamani vilichanganywa kutoka kamera mbalimbali.

Namba zikilingana, bado hakikisha kwa picha. Laza rula mshazari mezani, lenzi wazi kabisa, fokasi kwenye alama moja. Ikitoka kali alama iliyo karibu zaidi, kioo kiko mbele mno: ongeza vipande vya karatasi kwenye ukingo kinapokalia. Ikitoka kali ya mbali, ukingo ndio wa kupunguzwa, na hapo mpe kazi seremala mwenye patasi kali, si mchonga milango mwenye haraka.