Unaanza kujifunza uchanganuzi nafsi? Anzia kwa Dora
Wengi hukimbilia orodha za alama za ndoto, na hapo ndipo wanapopotea. Kwa Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha uchanganuzi nafsi (tiba ya mazungumzo inayotafuta yaliyofichika akilini), maana ya ndoto hutafutwa kwanza katika yale yanayomjia mwotaji mwenyewe akilini, si kwenye kamusi.

Chukua kisa cha Dora (jina la bandia la binti aliyetibiwa na Freud), kilichochapishwa 1905. Kisome ukiwa na kalamu, uweke alama kila mahali binti huyo anapomchukulia daktari kana kwamba ni baba yake au yule Bwana K., rafiki wa familia aliyemtongoza. Hitimisho usiliguse kwanza (kishawishi kipo!). Dora aliacha tiba mwishoni mwa 1900, baada ya wiki 11 hivi tu, na katika hitimisho hilo Freud anakiri kwamba hakuushughulikia mapema uhamisho huo wa hisia. Sasa linganisha: wewe uliuona ukurasa gani?